Kabla Hujapiga Windows: Programu Ikae Wapi, Kazi Yako Ikae Wapi

Fundi akishasema "hii mashine inataka kupigwa Windows", huuliza: "Una vitu vyako humu?" Mwenye duka hutaja Desktop na Documents. Fundi anazinakili kwenye eksteno, anafuta diski, anapiga Windows mpya, na mashine inarudi nyepesi kama ya dukani. Jioni mfumo wa mauzo unawekwa tena na kufunguka ukiwa mtupu: hakuna bidhaa, hakuna wadaiwa, hakuna hesabu za mwaka. Hakuna aliyeiba. Mauzo hayakuwahi kukaa Desktop wala Documents, na hakuna aliyeuliza yanakaa wapi.

Ukiwa Magamba, Mpanda, kosa la namna hii ni ghali kulirekebisha. Manispaa ya Mpanda kwa miaka mingi ilipata umeme wa jenereta za dizeli, na kila mwenye kompyuta anajua mashine inavyozimika katikati ya kazi. Diski ikifa au ikifutwa na ukataka wataalamu wa kuokoa data, safari yake kwa kawaida ni ya Dar es Salaam, na malipo yanaweza kupita bei ya diski mara kadhaa. Kinga iliyo nafuu ni kujua kila kitu kimekaa wapi kabla mtu hajafuta chochote. Mwongozo huu ni kwa mwenye duka la pembejeo, duka la dawa au steshenari, kwa katibu wa chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS), na kwa kijana anayewatengenezea mifumo.

Makundi matatu ya mafaili

Kila programu ina vitu vya aina tatu. Kwanza ni programu yenyewe: mafaili ambayo mtengenezaji ameyaandika na wewe huyagusi. Yakipotea, unasakinisha upya. Pili ni mipangilio: printa gani itumike, risiti iwe na nembo ipi, lugha ipi. Ikipotea unasumbuka nusu siku, kisha maisha yanaendelea. Tatu ni kazi yako: mauzo, madeni, barua, matokeo ya wanafunzi, picha za wateja. Hii ikipotea hakuna duka linaloiuza. Jembe likivunjika utapata jingine sokoni. Mavuno yakiungua ghalani, msimu umekwenda.

Kanuni ya mwongozo huu inatoka hapo: kinachoweza kurudishwa na kisichoweza kurudishwa visikae folda moja. Ukiishika, utajua mwenyewe mfumo upi umejengwa vizuri na upi umejengwa kwa haraka.

Windows ilivyogawa nafasi

Programu hukaa C:\Program Files. Kwenye Windows ya biti 64, programu za biti 32 hukaa C:\Program Files (x86). Sehemu hizi zimefungwa kwa makusudi: mtumiaji wa kawaida anaweza kuendesha kilichomo lakini hawezi kukibadilisha. Tangu Windows Vista, iliyoingia sokoni 2007, hata msimamizi wa mashine huulizwa kwanza kabla programu haijaandika humo. Kufuli hilo husaidia kuzuia virusi vilivyoingia na flashi visiguse programu za watu wote.

Kazi ya kila mtu hukaa C:\Users, ndani ya folda yenye jina lake. Humo ndimo zilimo Documents, Desktop, Pictures na Downloads. Ndani ya folda hiyohiyo imefichwa nyingine iitwayo AppData, ambako programu huweka mipangilio ya mtumiaji husika. AppData ina Roaming, ambayo kwenye ofisi kubwa zenye mtandao wa ndani huweza kumfuata mtumiaji hadi mashine nyingine, na Local, inayobaki kwenye mashine moja. Alamisho na nywila ulizohifadhi kwenye Chrome zimo AppData\Local. Telegram ya kompyuta kwa kawaida hujisakinisha ndani ya AppData\Roaming, yaani programu na mipangilio yake pamoja, kwa kuwa huko haihitaji ruhusa ya msimamizi. Virusi navyo hupenda kujificha hapo kwa sababu hiyohiyo.

Vinavyotumiwa na watu wote wa mashine, kama hifadhidata ya duka lenye wauzaji wawili, vimetengewa C:\ProgramData, nayo imefichwa. Ili kuziona folda hizi bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %appdata% au %programdata%, kisha Enter. Kama hujawahi kufanya hivyo, fanya leo, hata kama hutagusa kitu. Utashangaa ni vingapi vimo.

Mfumo wako wa mauzo uko wapi hasa

Mpangilio huo ni mzuri, lakini si kila programu inaufuata. Mifumo mingi ya maduka inayotengenezwa na vijana wetu kwa PHP huendeshwa juu ya XAMPP, kifurushi cha seva na hifadhidata. Hiyo hujiweka C:\xampp: kurasa za mfumo zimo htdocs, na mauzo yako yamo C:\xampp\mysql\data. Kisakinishi cha XAMPP chenyewe hushauri isiwekwe Program Files kwa sababu ya kufuli tulilolitaja. Imeepuka kufuli, lakini imeweka programu na kazi ndani ya folda moja. Fundi anayetafuta "vitu vya mteja" hawezi kuwaza kwamba mauzo ya mwaka mzima yamo kwenye folda inayofanana na programu.

Mfumo uliojengwa juu ya SQL Server Express kwa kawaida huweka hifadhidata ndani ya Program Files kabisa, chini ya Microsoft SQL Server, kwenye folda ya DATA. MySQL iliyosakinishwa peke yake kwenye Windows huweka data C:\ProgramData\MySQL. QuickBooks Desktop huweka mafaili ya kampuni ndani ya C:\Users\Public\Documents, ambayo si Documents yako. Anayenakili folda yenye jina lako peke yake ataiacha. Mfumo wa Access mara nyingi ni faili moja tu, na linaweza kuwa popote aliyekutengenezea alipoliweka.

Kama aliyekutengenezea hapatikani tena kwa simu, tafuta mwenyewe. Washa uonyeshaji wa mafaili yaliyofichwa: kwenye Windows 11 fungua File Explorer, kisha View, Show, Hidden items. Fanya mauzo ya kawaida, funga mfumo, kisha anzisha mashine upya kwa Restart, si Shut down, maana hifadhidata nyingine hazibadilishi tarehe ya faili hadi zizimwe. Kisha nenda diski C, na kwenye kisanduku cha kutafuta andika datemodified:today. Orodha itakuwa ndefu, lakini panga kwa ukubwa na utafute mafaili yanayoishia na .mdf, .ibd, .accdb, .db au .sqlite. Folda yake iandike kwenye daftari la duka, palepale unapoandika namba za fundi umeme na za wasambazaji.

Mfumo mmoja, vitabu viwili

Kuna tatizo ambalo mara nyingi husingiziwa wizi. Muuzaji wa asubuhi anaingiza mauzo. Wa jioni anafungua mfumo uleule kwenye mashine ileile, na mauzo ya asubuhi hayapo. Wakiingia kila mmoja kwa akaunti yake ya Windows, kila mmoja anaona ya kwake tu.

Hii hutokea kwa programu za zamani zinazojaribu kuandika data ndani ya Program Files. Badala ya kuzikatalia, Windows huziruhusu ziamini zimeandika, kumbe faili limepelekwa AppData\Local\VirtualStore ndani ya folda ya mtumiaji aliyeingia. Hivyo kila mtumiaji anakuwa na hifadhidata yake bila kujua. Ukija wewe mwenye duka ukafungua programu kwa "Run as administrator", unaona ya tatu, ile iliyo Program Files penyewe.

Kabla hujamfukuza mtu kazi, nenda AppData\Local\VirtualStore ya kila akaunti uangalie. Ukikuta humo folda ya mfumo wako, usifute. Nakili zote, kisha mpe aliyetengeneza mfumo aziunganishe na kuhamishia data mahali pa pamoja. Kuendesha programu kila siku kama msimamizi si tiba, maana unaipa programu moja ruhusa ya kugusa mashine nzima ili kuficha kosa lake.

Diski D inasaidia nini

Mafundi wengi hugawa diski moja kuwa C na D. Wateja nao huomba programu zisakinishwe D ili zisifutike Windows ikipigwa upya. Mafaili ya programu yatabaki kweli, lakini programu nyingi hazitafanya kazi, kwa sababu usajili wake, huduma zake na vipande vingine vilikuwa C na vimefutwa. Utasakinisha upya tu. Sababu nzuri ya kuweka programu D ni moja: C imejaa.

Kinachofaa kuhamia D ni kazi. Bonyeza Documents kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, kisha Location, halafu Move, uielekeze D. Kuanzia hapo programu zinazouliza Windows "Documents iko wapi?" zitaandika D zenyewe. Hifadhidata ya mfumo nayo inaweza kuhamishwa, lakini hiyo ni kazi ya aliyeutengeneza, maana ukivuta folda kwa kipanya mfumo hautaiona.

Usihesabu D kuwa nakala ya akiba. C na D ni sehemu mbili za kifaa kimoja: kikiungua au kikiibwa, zote zimekwenda. Nakala ya akiba ni ile iliyo kwenye kifaa kingine, na ikiwezekana kwenye jengo jingine.

OneDrive nayo iangalie. Kwenye mashine mpya, Windows huweza kuhamishia Desktop na Documents ndani ya OneDrive, yenye GB 5 za bure. Ni msaada kwa mwenye intaneti ya kudumu. Kwa anayetegemea bando la simu, inakula bando kimyakimya. Fungua mipangilio ya OneDrive uamue mwenyewe folda zipi zipande.

Siku ya kupiga Windows

Fuata mpangilio huu, na mtu asikuharakishe.

1. Andika orodha ya programu zote unazotumia, pamoja na namba za leseni na mahali visakinishi vilipo.

2. Toa hifadhidata kwa njia ya mfumo wenyewe. Kwa XAMPP, fungua phpMyAdmin, chagua hifadhidata yako, kisha Export, upate faili la .sql. Usitegemee kunakili folda moja ya hifadhidata kutoka mysql\data wakati MySQL inafanya kazi. Meza za InnoDB hutegemea pia faili la ibdata1 lililo nje ya folda hiyo, na bila hilo huenda zisifunguke.

3. Nakili C:\Users yote: kila akaunti, AppData ikiwemo, na Public pia. Ongeza folda za mifumo yako zilizo ProgramData na zile zilizo moja kwa moja kwenye C, kama C:\xampp.

4. Fungua nakala hizo kwenye kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijafunguliwa bado haijulikani kama ni nakala.

5. Kama mashine ina Windows 11 na uliingia kwa akaunti ya Microsoft, diski inaweza kuwa imesimbwa kwa BitLocker. Tafuta ufunguo wake wa dharura kwenye akaunti hiyo na uuandike. Bila ufunguo huo, kuchomoa diski na kuisomea kwenye mashine nyingine hakutakufaa kitu.

6. Ukiweza, usifute kabisa. Nunua SSD, Windows mpya ipigwe humo, na diski ya zamani ikae kabatini miezi miwili. Kile ulichokisahau utakikumbuka ndani ya muda huo.

Kama Windows mpya imewekwa juu ya ya zamani bila kufomati, vitu vya awali vinaweza kuwa ndani ya folda ya C:\Windows.old. Wahi, kwa sababu Windows huweza kuifuta yenyewe baada ya siku 10.

Kwako unayetengeneza mifumo

Mteja wako hatasoma maelezo yako ya kiufundi, kwa hiyo mpangilio wa folda lazima umlinde bila yeye kujua.

Programu isakinishwe Program Files, na baada ya hapo isiandike humo hata herufi moja. Usiandike njia kama C:\Users\Admin\Documents ndani ya msimbo. Kuna atakayekuwa na jina jingine, kuna aliyehamishia Documents D, na kuna ambaye OneDrive imeihamisha. Iulize Windows kwa SHGetKnownFolderPath, au Environment.GetFolderPath ukitumia .NET.

Hifadhidata ya watu wote iweke ProgramData, ndani ya folda ya jina lako la biashara na jina la mfumo. Kisakinishi kiweke ruhusa za folda hiyo, kwa kuwa kwa kawaida faili lililoundwa na mtumiaji mmoja ndani ya ProgramData wengine wanaweza kulisoma lakini si kulibadilisha. Mipangilio ya mtu mmoja iende AppData. Documents iachie vitu ambavyo mteja mwenyewe atavifungua: ripoti za PDF, majedwali ya Excel, na nakala za akiba zenye tarehe katika majina.

Umeme utakatika wakati wa kuandika, kwa hiyo jenga ukilijua hilo. Faili likibadilishwa, andika jipya pembeni likamilike, ndipo lichukue jina la la zamani. Kwa duka la mashine moja, SQLite yenye miamala inatosha na hifadhidata yake ni faili moja rahisi kunakili mfumo ukiwa umefungwa. Usiiendeshee kwenye flashi inayochomolewa.

Programu ikiondolewa, iondoke peke yake. Data ibaki, au mteja aulizwe waziwazi. Kwenye Linux wazo ni lilelile kwa majina mengine: programu iwe /usr au /opt, data ya huduma /var/lib, mipangilio ya mtumiaji ~/.config, na data yake ~/.local/share.

Mwisho, weka kitufe cha "Hifadhi nakala" kwenye ukurasa wa kwanza wa mfumo, kwa Kiswahili, kiulize nakala iende kwenye kifaa kipi.

Steshenari na mafaili ya watu

Ukiwa na steshenari, kompyuta yako hubeba vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa na maombi ya mikopo ya wanafunzi. Vikirundikana Desktop na Downloads, mteja wa leo anayechagua faili la kuprinti anaona cheti cha wa jana. Tengeneza akaunti mbili za Windows: yako yenye nywila, na ya wateja isiyo na mamlaka ya msimamizi. Katika akaunti ya wateja weka folda moja ya kazi za siku na uisafishe kila ukifunga, pamoja na Downloads, folda ya skana na Recycle Bin. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu taarifa za aina hii. Na hata kama hakuna mkaguzi atakayefika, mteja wako ni jirani yako.

Simu nayo

Kwenye Android kila programu ina chumba chake ambacho programu nyingine haziingii, na ukiiondoa, vilivyomo humo hufutwa pamoja nayo. Tangu Android 10 ya 2019, na kwa ukali zaidi Android 11 ya 2020, kufuli hilo limebana hata folda ya Android/data. Programu ya daftari la madeni inaweza kuwa nzuri, lakini kabla ya kuiondoa au kubadili simu, tafuta ndani yake sehemu ya kuhamisha data na upeleke faili nje: Documents, kadi ya kumbukumbu au barua pepe. Picha na sauti za WhatsApp kwenye simu za sasa zimo Android/media/com.whatsapp, na kutoka hapo zinaweza kunakiliwa kwa kebo.

Kabla ya kulipa

Mtu akikuletea mfumo, mlipe sehemu ya mwisho baada ya kukujibu maswali haya, na kila jibu likionyeshwa kwenye kioo:

– Data yangu iko folda gani? Niandikie.

– Nikiondoa programu, data inabaki?

– Muuzaji mwenye akaunti nyingine anaona mauzo yaleyale?

– Nakala ya akiba inatokaje, na inarudishwaje?

Swali la mwisho lina sehemu mbili, na ya pili ndiyo huachwa. Mwambie achukue nakala ya leo, aipeleke kwenye kompyuta nyingine ambayo haijawahi kuwa na mfumo huo, asakinishe, arudishe data, kisha akusomee deni la mteja mmoja unayemjua. Namba zikilingana na za daftari lako, mlipe.